Mkojo wa Ushirika

Soli alipokata kona akitoka zahanati, redio ya Antena ilimpokea kabla ya watu. Mtangazaji alikuwa anajinata: kimekuja kifaa cha kutoshea kiganjani, kinapima mkojo na kukueleza mapema kama tezi dume imeingiwa na saratani, na tayari kila zahanati nchini inacho.

"Hiyo ndiyo serikali!" alisema Lindo, mlinzi mstaafu, akijipiga paja. "Inatujali mpaka haja ndogo!"

"Imehamia kwenye mkojo kwa sababu damu imeshatunyonya ikaisha," akamjibu Futi, fundi cherehani, sindano mdomoni, suruali ya mteja mapajani.

"Nyamazeni, mwenyewe huyo," akasema Antena, fundi redio, akipunguza sauti.

Soli hakuketi. Benchi lilikuwa lake, mbele ya kibanda chake cha kushonea viatu, na siku nyingine angeanza kwa kuwafukuza. Leo alisimama tu na karatasi mkononi. Tangu amzike mkewe, kila siku alikuwa akiwaambia kwamba kifo kikibisha hodi atakifungulia mlango. Kumbe hodi ilipobishwa, alitafuta mlango wa nyuma.

"Kaka, sema," Antena akamwambia. "Taa imewaka kijani au nyekundu?"

"Nyekundu."

Futi aliitema sindano.

Kifaa kilikuwa kimefika kweli. Shida ilikuwa vijiti vyake. Unachovya kijiti kwenye mkojo, unakichomeka kwenye kifaa, taa inawaka, basi, hicho hakitumiki tena. Na wakubwa, kwa ukarimu wao, walileta vijiti kumi kwa mtaa mzima. Ndipo Antena, ambaye hajawahi kushindwa na jambo asilolijua, alipotoa hesabu yake: wanaume wanne, chupa moja, kijiti kimoja. Taa ikiwaka kijani, wote wanne wazima. Wakachanga kama harambee, chupa ikaandikwa jina la Soli.

"Antena, mwanahizaya wewe!" Futi aliwaka. "Mbona hukutwambia ikiwaka nyekundu tunafanyaje?"

"Hesabu yangu ilikuwa ya afya, ndugu yangu. Ya ugonjwa hukuniuliza."

"Basi ni wako! Wewe ndiye unayekimbilia chooni kila taarifa ya habari."

"Mimi? Na Mzee Lindo tuliyemngoja robo saa, akatoa matone kama dawa ya macho?"

"Msinitaje mimi," Lindo akanung'unika.

"Mnahangaika bure," akasema Futi. "Karatasi ina jina la nani? La Soli. Ugonjwa na mwenye jina lake!"

"Karatasi ina jina moja, mkojo una wenyewe wanne," Soli akamkata. "Nesi alipojua, nusura anivunjie chupa kichwani. Anasema mmoja wetu anao, au zaidi ya mmoja. Tupimwe upya, kila mtu na wake. Na kimebaki kijiti kimoja."

"Kimoja? Si vilikuwa kumi?"

"Sita vimetumika. Vitatu mkuu wa zahanati amevifungia kabatini. Wiki ijayo kuna uzinduzi, mheshimiwa atapimwa mbele ya kamera. Cha kwanza cha kumpimia. Cha pili endapo cha kwanza kitakataa kuwaka. Cha tatu endapo kitawaka nyekundu."

Antena alicheka mpaka akashika ukuta. Futi naye. Lindo alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Mzee, mbona hucheki?" Futi akamuuliza.

"Mwezi wa pili huu naona damu," alisema Lindo, taratibu. "Mama watoto nilimwambia ni rangi ya dawa za mgongo. Nikasema, nikiuchanganya na wenu, labda itapotelea humo."

Redioni mtangazaji bado alikuwa anasifu mafanikio. Soli aliinama akaizima mwenyewe. Mara tatu mkewe aliambiwa mashine imeharibika, mama, njoo mwezi ujao, na mara tatu akawashukuru. Mwezi wa nne hakukuwa na mtu wa kurudi.

"Kijiti kilichobaki ni chako, kaka," alimwambia Lindo. "Inuka, twende."

"Na sisi watatu?" Futi akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua kimo.

"Vya kwetu viko kabatini."

"Vya mheshimiwa hivyo! Tutafungwa!"

"Mke wangu alisubiri kwa adabu, nami nikamzika kwa adabu. Leo imeniishia." Soli alishusha mlango wa kibanda, akampa Lindo bega la kushikia. Futi aliikunja suruali ya mteja, akawafuata.

"Lakini jamani," Antena akaropoka nyuma yao, "kamera zikija, mheshimiwa atapimwa kwa kitu gani?"

Lindo aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aseme lake, meno yakaonekana.

"Kwa kidole. Daktari anavyo kumi, na hata kimoja hakijafungiwa."