Malalamiko Dhidi ya Wimbo wa Nne wa Bamama wa Kinu

Mboko, tarehe 27 Desemba

Kwako Mama Mkurugenzi wa redio yetu ya mjini Baraka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, mafundi wako na ile jenereta. Mimi ni Placide wa Mboko, msikilizaji wenu tangu siku redio yenu ilipoanza kushika huku. Mlituomba tutaje albamu bora za mwaka, za roki na za nyimbo za asili, nami nilikuwa na orodha yangu safi kabisa. Wa kwanza alikuwa yule kijana wa Uvira ambaye gitaa lake la umeme linatikisa vikombe kabatini. Wa pili, wavuvi wa Ubwari na likembe zao, vile vinanda vya kupigwa kwa vidole gumba. Kisha mkaanza kupiga albamu ya Bamama wa Kinu wa Nundu, na orodha yangu ikaharibika. Naomba kwa heshima zote albamu hiyo iondolewe mashindanoni, kwa sababu hizi:

1. Si albamu. Ni wanawake saba wanatwanga mihogo, na Bertin, yule anayewatia watu nyimbo kwenye kadi za simu, amewashikia simu yake akiwarekodi. Katika wimbo wa pili jogoo anawika. Nakiri, kama mkosoaji wa haki, kwamba anawika mahali penyewe. Mpiga ngoma wa yule kijana wa Uvira hajawahi kuingia vizuri namna hiyo.

2. Wimbo wa nne unanihusu mimi. Anayeongoza ni Suzanne, mke wangu, ambaye yuko kwa mama yake Nundu tangu mvua za Novemba. Anaimba: "Nilimutuma mabati, akaleta spika. Mvua iko naingia, ye iko nasikiliza gitaa." Wenzake wanaitika: "Placide, panda juu!" Kwetu mwanamke akiwa kwenye kinu huimba analotaka, na mume haruhusiwi kumjibu. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

3. Wimbo una uongo. Unasema nilitega ndoo tatu. Zilikuwa ndoo mbili na sufuria.

4. Watu wote wameushika. Wenye pikipiki wakipita kwangu wanapiga honi kwa mdundo wake. Mzee Eugène, mwalimu wa kwaya, huniuliza habari ya paa kabla ya habari ya afya. Jumapili padri alipotaja gharika ya Nuhu, benchi tatu nzima ziligeuka kunitazama.

5. Kwa hiyo naomba serikali iandikishe vinu vyote, na kila wimbo wa kutwangia upitiwe kwanza na mume anayehusika. Hilo likishindikana, basi mvua ndiyo ipigwe marufuku, maana ndiyo iliyoanza.

Nimeisikiliza albamu hiyo mara thelathini na moja nikitafuta makosa. Nimepata moja. Mwishoni mwa wimbo wa nne, sauti ya Suzanne inakatika kidogo kabla ya kutaja jina langu. Ni kosa la ufundi, na linaniumiza sana.

Nisalimie Ketsia wa matangazo ya asubuhi, mafundi wote na mlinzi wenu wa getini.

Ni mimi, mwenzenu katika haki na muziki mzuri,

Placide, mkosoaji

N.B. Kura yangu ni hii: Bamama wa Kinu, namba moja. Spika nimezirudisha dukani Baraka, na mabati nimeyapigilia mwenyewe Jumanne. Jana mvua ilinyesha mchana kutwa, halikuingia hata tone, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Najua Nundu wanawasikiliza. Tafadhali, Jumamosi asubuhi, bamama wakiwa kwenye kinu, pigeni wimbo wa nne. Ukiisha, Ketsia aseme tu kwamba Placide alipanda.