Chumvi Isiyobadilika Rangi

Jumatatu, 3 Juni 1996. Kegonga.
Afisa wa afya, Machuki, amefika sokoni na kichupa cha dawa ya kupimia chumvi. Anaidondoshea chumvi tone moja, anatazama, anaandika. Ya Asiya, jirani yangu wa kibanda, imegeuka bluu kama wino. Sumu! Sikungoja maelezo. Asiya ndiye anayeuzia shule ya wasichana chumvi. Zabuni hiyo naitamani mwaka wa nne. Sasa nimempata.

Jumanne, 4 Juni.
Nimebandika bango lenye jina langu: CHUMVI YA MWIKWABE HAIBADILIKI RANGI. Ni ya ng'ombe, kutoka mnada wa Ogwedhi. Nimeitwanga na kuifunga upya. Ng'ombe hawajawahi kulalamika. Mwalimu mkuu, Jerusha, nimempelekea barua ya kurasa sita. Mke wangu akauliza, Baba Gati, umemuuliza Machuki maana ya hiyo bluu? Nikamjibu kwamba wanaouliza ni wale wasiosoma. Asiya alisoma bango, akasema ni zuri mno, nisilitoe.

Jumatano, 5 Juni.
Jerusha amekuja na Machuki, nusu ya soko nyuma yao. Tone likadondoka. Nyeupe! Nikaanza hotuba. Machuki aliniacha nimalize, kisha akaeleza: bluu ndiyo ayodini, kinga ya rovu la shingo. Nyeupe maana yake hamna kitu. Watu walicheka kwa Kikuria, Kijaluo na Kiswahili. Jerusha, mama mwenye huruma, amenipa mpaka Ijumaa nilete chumvi ya bluu.

Ya bluu! Kwa nini hawakusema mapema?

Ijumaa, 7 Juni.
Nilichanganya gunia zima na bluu ya kufulia. Machuki akafungua pakiti, akafunga kichupa chake. Akasema, "Mzee, hii imefaulu kabla ya mtihani." Gunia limechukuliwa. Zabuni imebaki kwa Asiya. Ameniambia niongeze sabuni kidogo, nitawapata wafua nguo wote wa Kegonga.

Jumatatu, 10 Juni.
Shule inatafuta wa kuiuzia maziwa. Machuki anayapima kwa kidude cha kioo. Nimechungulia mwenyewe. Katika maziwa ya Asiya kilielea juu juu, hakikutaka hata kuingia! Maziwa gani hayo yanayokataa kioo? Yangu yatakipokea mpaka chini. Nilijaribu kwa chupa niliyoitia mchanga kidogo, ikasitasita. Nimeongeza maji ndoo mbili, sasa inazama vizuri kabisa. Kuuliza? Nimeona kwa macho yangu.