Viatu vya Miaka Kumi na Tano

Jumatatu, 26 Februari 2024
Andika, Yaretzi, mjukuu wangu, na usinirekebishe. Alhamisi natimiza kumi na tano. Nilizaliwa tarehe ishirini na tisa Februari, inayokuja kila miaka minne, na miaka ambayo haikuja siihesabu. Hapa kwetu msichana wa kumi na tano anafanyiwa sherehe, anavuliwa viatu bapa, anavishwa vya kisigino na baba yake. Mimi sikuvishwa, mama aliumwa. Nikaishia kukoroga mchuzi kwenye sherehe ya Eduviges. Hakuwa wifi yangu bado, kaka yake alikuwa hajaniona. Mpaka leo anasema chumvi ilizidi. Sasa naitaka yangu. Wakubwa wamenicheka. Basi nitawafundisha watoto, wanitetee.

Jumanne, 27
Watoto tisa uani, na machungwa. Nimewaambia dunia inalizunguka jua kwa siku mia tatu sitini na tano na robo. Robo hatuitupi, tunaiweka. Miaka minne, chungwa zima, Februari inapata siku. Tukiidharau, Krismasi itasogea polepole mpaka itukute msimu wa mvua. Mmoja wao, Fermín, akala robo ya mwaka wa tatu. Nikakata nyingine.

Jumatano, 28
Wameelewa kupita kiasi. Wamemwambia mwalimu wao kuna msichana wa kumi na tano mtaani hajawahi kutia mguu shuleni. Mwalimu Ocampo kaja na daftari kuniandikisha. Wifi Eduviges kacheka mpaka kashika ukuta. Kaniuliza, sare nikushonee mimi? Nalala bila kula. Sherehe basi.

Alhamisi, 29
Siamini. Watoto walizunguka nyumba kwa nyumba na maganda ya machungwa, wanaeleza robo. Mtaa mzima umekuja. Nikakaa kwenye kiti, baba hayupo, nani anivishe? Akapiga magoti Eduviges, yanalia kama kuni. Ana viatu vyake vya siku ile, vyeupe, kwenye gazeti. Akasema, lete mguu, kigori. Vinabana. Akaninong'oneza, mchuzi ule chumvi ilikuwa sawa. Asanteni, jamani. Asante, wifi. Andika hiyo mara mbili.

Ijumaa, 1 Machi
Mwalimu kanifafanulia kwamba ile robo si kamili, kila mwaka inapungukiwa dakika kama kumi na moja. Yaretzi kapiga hesabu: kwa miaka sitini ni saa kumi na moja. Nimewaza. Kwa hiyo jana asubuhi, nilipovishwa, machungwa yangu kumi na tano yalikuwa hayajajaa. Irudiwe. Nimemtuma Fermín machungwa, na Eduviges nimemwambia safari hii mchuzi akoroge yeye.