Neno Lililonifunga Midomo

Jumatatu, 3 Machi
“Mystic”, mtu wa siri za kiroho: neno la Kiingereza lenye asili ya Kigiriki, katika kitenzi chenye maana ya kufumba. Aliyeingizwa katika siri za ibada alifumba midomo. Nimeliandikia kadi leo, kwa ajili ya kamusi yetu, na mwili ukanisisimka. Miaka tisa nimemweleza mtunza maktaba asili za maneno, hata ya neno “kitasa”. Hajavutika! Ijumaa anahamia mji mwingine. Mpango: kuanzia kesho, sisemi neno. Siri huvuta.

Jumatano, 5 Machi
Nimekaa mkabala na meza yake, midomo imefumbwa, uso wa fumbo. Hakuona. Ukutani, juu ya kichwa changu, pana bango: KIMYA. Wasomaji wote kumi na mmoja walikuwa na siri kama yangu! Kosa la kimbinu. Saa kumi akainama, akaniuliza kwa kunong'ona kama ni jino linaloniuma. Nikainamisha kichwa taratibu, kwa fumbo. Akaniletea dawa ya kusukutua. Koma, msahihishaji wetu na hasimu wangu, akasema heri jino liendelee kuuma, angalau tupumue. Mtunza maktaba hakucheka. Alisema maktaba imepoa mno. Nimelihesabu kuwa ushindi.

Ijumaa, 7 Machi
Tumemuaga katika chumba cha kadi. Soda, biskuti. Koma alihutubu dakika ishirini, akamwita dada yetu kipenzi, akakosea mwaka alioanza kazi. Kisha mtunza maktaba akanigeukia mbele ya wote: “Na wewe, mwalimu? Nipe asili ya neno moja, lolote lile, niondoke nalo.” Lolote! Ninayo maneno elfu nne na mia mbili. Nilikuwa na moja hasa.
Nikafumba midomo.
Akasubiri. Akasubiri mpaka Koma akamaliza biskuti. Kisha akavaa koti, akasema, “Haya, upone basi,” akanitilia kiganjani chupa nyingine ya dawa.

Jumamosi, 8 Machi
Kosa limepatikana! Nimerudia vitabu: wataalamu hawaafikiani juu ya kilichofumbwa. Wengine midomo, wengine macho. Nilichagua vibaya, basi! Nimekata tiketi. Jumamosi ijayo nitaketi mbele ya meza yake mpya, macho nimeyafumba. Koma ameuliza kwa nini nisimpigie simu tu, kama watu. Mtu asiye na utafiti! Limebaki suala moja ambalo hakuna kitabu kinacholigusa: nikishayafumba macho, nitajuaje kama bado ananisubiri?