Zege la Kumshukuru Koplo

Habari yenyewe aliileta Spika kwenye benchi letu la kahawa, simu mkononi, hata salamu hajatoa. Tunamwita Spika kwa sababu akishika mazungumzo, hakuna mwingine anayepata nafasi.

"Jamani! Kuna watu huko wamejitolea, wamekwenda kwa wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Wamewalimia bustani, wamewapakia rangi uzio, wamewapandia na maua. Bure! Ati ndiyo asante yao."

"Bure ya kweli, au bure ya kupigwa picha?" akauliza Bi Birika, muuza kahawa wetu, huku akisuuza vikombe.

"Picha zipo, lakini na maua yapo."

Fundi Rula, mwashi ambaye hata kikombe hukikagua kama kimekaa sawa, akashusha pumzi. "Na sisi je? Koplo si yuko hapo ng'ambo ya barabara?"

Aibu ilitushika, nisidanganye. Koplo alikuwa mwenzetu wa benchi hili, mbishi kutushinda wote. Alirudi kutoka vitani hana miguu, na kiti chake cha magurudumu kinazama kwenye mchanga wa uani kabla hajafika popote. Kusukumwa hataki. Basi tangu arudi hajavuka geti lake, na sisi tukienda kumpa pole tunakaa kidogo, tunakohoa, tunaaga.

"Tumtengenezee ua!" Spika akaruka. "Tumwekee chemchemi katikati, maji yaruke mpaka kwenye bati!"

"Maji ya bomba yenyewe tunayaota," akasema Bi Birika.

"Basi sanamu! Koplo juu ya farasi!"

"Koplo kapanda farasi lini?"

"Mama, sanamu za askari zote zina farasi. Ndio utaratibu!"

Fundi Rula akapiga benchi, kahawa yangu ikamwagika. "Njia ya zege! Kutoka getini mpaka barazani. Ua wenyewe mwembamba, tunaujaza ukuta kwa ukuta, laini kama kioo. Akae nje apunge upepo kama bwana mkubwa."

Hapo hata Spika akapiga makofi.

Jumamosi tukavamia kwa Koplo. Fundi kaja na saruji, mimi na maua kwenye makopo, Spika na mdomo wake. Koplo akajisukuma mpaka barazani, mkewe nyuma yake.

"Mnafanya nini uani kwangu?"

"Tunakushukuru!" akajibu Spika. "Wewe tulia ushukuriwe."

"Na nikikataa?"

"Kukataa hakuna, Koplo. Hii ni amri!"

Akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu arudi, na mimi moyo ukanituma nibebe ndoo mbilimbili.

Kazi ikachapwa. Fundi alianzia getini, akawa anarudi kinyumenyume, anamwaga, anasawazisha, anapitisha mwiko. Sisi nasi tunarudi naye, tunamsifia. "Fundi, mkono huo uwekewe bima!" Tukarudi, tukarudi, mpaka migongo ikagonga mlango wa Koplo.

Bi Birika akatokea getini na birika lake. "Haya wajitoleaji, njooni mnywe!"

Hakuna aliyetikisika.

"Fundi," nikauliza taratibu, "sisi tunatokea wapi?"

Fundi akatazama zege. Akatazama geti. Akatazama juu, kama anayeomba ngazi.

"Turuke ukuta!" akasema Spika.

"Una vipande vya chupa," akasema Koplo. "Niliviweka mwenyewe."

"Basi tukanyage kidogo tu, kwa vidole..."

"Atakayekanyaga zege langu namzika humohumo!" Fundi akainua mwiko.

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesho."

"Kesho!" Spika akashika kichwa. "Mimi ni mtu wa watu! Nina mikutano! Nina haja ndogo!"

"Choo kipo ndani, shemeji," akasema mke wa Koplo, machozi ya kicheko yakimtoka.

Bi Birika naye alikuwa hajiwezi. Aliinua kikombe juu, akanywa polepole huku tukimwangalia.

"Mnacheka!" Spika akafoka. "Mtu unaliona geti lile pale, na huwezi kulifikia! Unasikia wenzako wanapiga soga nje, na wewe umo tu! Hii ni adhabu gani?"

"Endelea, Spika," akasema Koplo. "Unayasema vizuri sana. Mimi yalinishinda kuyasema."

Spika akavuta kigoda, akakaa karibu na kiti cha Koplo, na kwa mara ya kwanza siku ile akamwachia mtu mwingine nafasi ya kuzungumza.

Tukakaa. Tukabishana kuhusu mpira, mvua, na kama samaki hulala. Koplo akatushinda kote, hata pale alipokosea. Jua lilipoanza kushuka, Fundi akabonyeza zege kwa kidole gumba.

"Limeshika, lakini halijakomaa. Asiguse mtu mpaka kesho."

Koplo akaachia breki.

"Koplo! Nimesema kesho!"

"Kesho yenu hiyo nimeingoja sana, Fundi."

Akashuka kwenye zege. Magurudumu yakachora mistari miwili kwenye ule ulaini wote, Fundi akajifunika uso kwa kofia. Koplo alikuwa akisukuma kwa mikono yake mwenyewe, mabega yanapanda na kushuka, na sisi tukashangilia kama wendawazimu. Akafika getini. Akapita.

"Karibu benchini, Koplo!" Bi Birika akamsogezea kikombe.

Akakipokea mbiombio, akakimaliza, akamrudishia, akaendelea.

"Koplo!" Spika akapaza sauti kutoka barazani. "Ua tumekutengenezea ukae! Sasa utakaa lini?"

Akainua mguu amfuate, Fundi akamdaka kola. Koplo alishafika konani, anakata kushoto, hata nyuma hageuki.

Mkewe akakimbilia ukingo wa baraza, anacheka na kulia kwa pamoja. "Mume wangu! Unakwenda wapi?"

Sauti ikaturudia kutoka nyuma ya nyumba za watu.

"Kokote!"