Siku Mpaka wa Babu Bitegeko Uliposomwa Kutoka Uskoti

Jumamosi. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika, kisha jua likawaka mpaka migomba ikafuka mvuke.

Wenzangu wa kundi hili tuliomaliza darasa la saba pamoja, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu. Na vifungo nilifungua mwenyewe.

Wengi mnaujua ugomvi wangu na jirani yangu, Mzee Kabyemera. Kati ya kibanja changu, yaani shamba la nyumbani, na chake kuna kipande chenye migomba kumi na mitano, ile minene, ya mikungu ya kubebwa na watu wawili. Mimi nasema ni changu. Yeye anasema miramura, ile mimea tunayopanda mpakani, ilisogezwa zamani na babu yangu Bitegeko. Baba yake alikufa akisema hivyo hivyo. Sisi tukawaita wazushi. (Mimi binafsi nimemwita mzee hivyo mara mbili, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Naandika kwa sababu ni kweli.)

Sasa sikilizeni. Wiki iliyopita Koku, binti wa kaka yangu anayesomea uuguzi Uskoti, alinipigia simu anahema.

"Baba mdogo! Nimemkuta Babu Bitegeko maktaba!"

Nikamwambia babu alikufa kabla yeye hajazaliwa, akapime malaria.

Kumbe mwalimu wao aliwapeleka kuona makaratasi ya madaktari wa zamani. Yule daktari Mskoti aliyekaa huku kwetu kabla ya uhuru, ambaye babu alikuwa mpishi wake, alikuwa anaandika daftari kila siku. Alipokufa, ndugu zake wakayapeleka madaftari maktaba. Yako kwenye boksi lenye namba! Huingii na chai. Huingii na kalamu ya wino, penseli tu. Kurasa unazifunua taratibu kama unamvua mtoto mchanga soksi. Na humo ndani yumo babu yetu, jina kamili! Niliruka nikasahau nimekalia ndoo. (Ilikuwa na maji.)

"Kuna habari ya kibanja pia," akasema Koku. "Na ya mpaka."

Hapo masikio yangu yakaziba. Mpaka! Umeandikwa! Enzi zilezile, na mtu asiye na ndugu hapa kijijini!

"Ila baba mdogo, nikusomee wewe kwanza?"

"Hapana! Utasoma Jumamosi, watu wote wasikie."

"Lakini baba mdogo..."

"Koku. Watu wote."

(Mtoto alijaribu mara tatu. Lawama zisimfikie.)

Basi leo nikaita watu. Mwenyekiti akaja na daftari lake. Majirani wakaja, wachuma kahawa wakaacha vikapu, nikatoa rubisi, pombe yetu ya ndizi, dumu zima. Simu yangu sauti yake ni ya chini, kwa hiyo nikaazima spika kwa Deus, kijana wa bodaboda anayepiga njia ya Murongo. Ile spika mnaijua. Akiiwasha hapa Kimuli, ng'ombe wanageuka.

Mzee Kabyemera akaja wa mwisho, kavaa koti la kanisani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba." Akakaa kwenye kigoda, mkongojo katikati ya magoti.

Nikasimama. Nikahutubia! Sikutumwa na mtu.

"Ndugu zangu, hiki kitabu hakikuandikwa na mimi wala na mzee. Kitakachosema, ndicho hicho. Kikisema kipande ni changu, mzee anyamaze. Kikisema ni chake, nitang'oa miramura kwa mkono wangu."

Mwenyekiti akauliza, "Niandike?"

"Andika!" nikasema. "Na mimi naweka sahihi."

Nikaweka. Kabla ya kusomewa. (Mke wangu alinikanyaga mguu. Nilidhani ni bahati mbaya.)

Koku akapokea simu. Sauti ikatoka kwenye spika kama ya mhubiri wa uwanjani. Akasalimia wakubwa wote, shikamoo zikaitikiwa hadi na watu wa barabarani. Akasema anasoma kutoka kwenye picha za kurasa alizoruhusiwa kupiga, na anatafsiri mwenyewe.

Mwanzo ulikuwa mtamu! Daktari anasema mpishi wake Bitegeko ni mrefu kuliko mlango wa jikoni, ana kipara cha kugonga fremu. Anasema hajawahi kula ndizi zilizopikwa vizuri kama zake. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama kidogo, kana kwamba nilizipika mimi.

Kisha Koku akakohoa.

"Baba mdogo, niendelee?"

"Endelea mwanangu! Pandisha sauti!"

Akaendelea:

"Bitegeko amenichekesha leo. Ameniambia kuwa Jumapili iliyopita, jirani yake na nyumba nzima walipokuwa misani, aling'oa mimea ya mpaka akaisogeza hatua nne. Nimemwambia airudishe. Ameapa atairudisha kahawa ikishavunwa."

Ai waitu, jamani!

Hata spika ilinyamaza, na haijawahi.

Wa kwanza kucheka hakuwa Mzee Kabyemera. Niwe mkweli. Wa kwanza ni mke wangu. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Halafu wachuma kahawa. Halafu mwenyekiti, ambaye alipaswa kuwa katikati.

Mzee Kabyemera alivua kofia akaishika tu mikononi. Akasema polepole, "Baba angekuwepo." Hapo na mimi nikaona aibu ya kweli, siyo hii ya kuchekwa. Nikamwendea nikapiga goti nikasema, "Mzee, lile jina la mzushi nililokuita, nalirudisha kwangu." Akanigusa kichwa. Nikadhani yameisha.

Hayajaisha! Mwenyekiti akasema tupime hatua nne sasa hivi, kutoka kwenye miramura kuja upande wangu. Na yeye mwenyekiti, mnamfahamu, ni mfupi. Akaanza kuhesabu vihatua vyake, moja, mbili. Nikapiga hesabu kimoyomoyo nikaona nitabaki na migomba sita. Sita si mibaya! Ningenyamaza tu.

Lakini mdomo huu.

"Mwenyekiti," nikasema, "tusidhulumu. Babu alikuwa mrefu. Imesomwa. Apime mtu mrefu."

"Kwani umeulizwa?" Mke wangu, kwa sauti kubwa.

Wakamwita Deus wa bodaboda, ambaye akisimama karibu na nguzo ya umeme hujui waya uufunge wapi. Deus akatupa miguu. Hatua ya nne ilivuka migomba yote kumi na mitano na ikaingia kwenye kahawa yangu! Mibuni mitatu nayo imekwenda. Hata mzee mwenyewe alikuwa hajawahi kuidai.

Nikang'oa miramura kwa mkono wangu, kama nilivyosaini. Yote. Jasho hadi kwenye nyusi. Koku bado yuko hewani anauliza, "Baba mdogo, mnaendeleaje huko?"

Mwisho nikamwomba mzee, kwa adabu zote, anipe siku chache nikate mikungu iliyokwisha komaa.

Akavaa kofia yake. "Chukua siku zako, mwanangu. Ila usije ukaniambia kahawa ikishavunwa."

Mawe, mama wee! Watu walilala chini kwa kucheka.

Najiuliza kama nilikosea kuita watu, na sijapata jibu. Lakini mjue hili: jina la Bitegeko liko Uskoti, kwenye boksi lenye namba, na Mzungu amekiri ndizi zake zilikuwa tamu. Hilo hakuna wa kulipima kwa hatua.

Mkicheka, chekeni kwa zamu, simu yangu chaji ni ndogo.

Jioni tumekula ndizi na maharage. Ndizi za upande wangu. Nyembamba kama penseli, na mke wangu kanihesabia nne.