Siku Sitini Bila Ajali

Jumatatu, 4 Novemba
Ubao wangu langoni unasema: SIKU BILA AJALI: 56. Rangi nyekundu, mwandiko wangu mwenyewe. Leo Papa Onésime, mwenye shantie hii ya kujenga shule, ametangaza mbele ya wote: Ijumaa mgeni wa wafadhili wa hii shule akikuta sitini, ukarani wangu wa usalama utakuwa wa kudumu. Asipokuta, nirudi Bukavu kwa mama na diploma yangu.

Siku nne tu! Lakini na watu gani? Kofia ngumu nilizowagawia wanapimia mchanga. Kibarua Mushagalusa alienda na yake sokoni Kituku kununulia sambaza, wale samaki wadogo. Inanuka hadi leo.

Jumanne, 5 Novemba
Mushagalusa amekanyaga msumari. Kwa kandambili! Akili ikanijia. Nikamwuliza kama nyumbani kwake hakuna misumari. Akasema iko mingi. Basi huu, nikamwambia, umeukanyaga huko, jana. Akafikiri sana. Akasema angeikumbuka jana vizuri zaidi kwa chai na mandazi mawili. Nikampa. 57. Nani alisema elimu haina faida?

Jumatano, 6 Novemba
Balaa. Wote wamejipanga mlangoni kwangu. Mmoja ana mchubuko, mwingine maumivu ya kiuno. Rodrigue, mkuu wa waashi na adui yangu, anadai jino linatikisika tangu alipoanza kusoma ubao wangu. Akauliza: Karani, hii ajali iko ya nyumbani ao ya kazi? Walicheka hadi mzee wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, akaangusha mfuko wa saruji. Nilipiga kelele: si mguuni! Ndoo nzima ya mandazi imekwisha. 58.

Mama Nabintu, anayebeba mawe, hakutaka mandazi. Alileta kitu kibaya zaidi: ukweli. Kipandio cha nne cha ngazi ya langoni kimeoza, niandike kabla mutu hajavunjika shingo. Niandike! Na nakala ya fomu ya usalama iende kwa mgeni? Nikamwambia nitaandika Jumamosi. Akauliza kama ngazi inaijua Jumamosi. Watu wasiosoma wana maswali!

Alhamisi, 7 Novemba
Nani amefunga kipande cha mpira wa gurudumu kwenye kile kipandio? Rodrigue, bila shaka. Eti alama, mutu asikanyage. Mgeni angeona mpira kabla ya ubao wangu! Nimeukata. Kisha nikapaka ngazi nzima rangi ya buluu. Inapendeza kama ya kanisani. Hatari isiyoandikwa haipo. Isiyoonekana, ndiyo kabisa. Prodige, anayeipanda kubadilisha nambari ya ubao kila asubuhi (mimi na urefu hatupatani), akauliza kile kibovu sasa ni kipi. Nikamjibu kwamba usalama ni kazi yangu. 59.

Ijumaa, 8 Novemba
Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mgeni, Madame Micheline, alifika saa tatu. Ubao bado 59. Prodige amekataa kupanda. Wote wamekataa. Waoga! Papa Onésime akanionyesha ngazi kwa kidole. Nikakichukua kibao changu cha 60, nikapanda. Kipandio cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Vyote buluu, vyote vizuri, nikaacha kuhesabu.

Nikaangukia kwenye mawe, mkono chini yangu. Kibao cha nambari kikatua kifuani, 60, kikimtazama mgeni. Rodrigue akainama, akauliza kwa upole kabisa: Karani, hii iko ya nyumbani?

Jumamosi, 9 Novemba
Plasta hadi juu ya kiwiko. Mama Nabintu amekuja hapa kwangu Ndosho kuniona, na ndizi. Anasema Jumatatu Papa Onésime ataniuliza swali moja tu: nani aliondoa alama? Akanishauri: sema kweli, mutoto wangu, pengine atakuachia kazi.

Kweli! Huyu mama hajui ofisi. Fomu nimeshaijaza, kwa kushoto, lakini inasomeka: karani alivunjika mkono Alhamisi jioni, nyumbani, kwa kuanguka kutoka kitandani. Ubao unabaki safi. Jumatatu ni 63.

Nikamsomea. Akaitazama plasta. Akalitazama godoro langu, ambalo liko sakafuni, tangu zamani, bila kitanda.

Maelezo madogo tu. Kilichobaki kwenye fomu ni sahihi ya shahidi mmoja. Nimemwuliza kama kweli hapendi mandazi.